Mchumba wa Mama Alikuwa na Mkia

Siku mama yangu mzazi alipotutangazia kwamba ana mchumba, kaka yangu alipaliwa na maji mpaka tukampiga mgongoni.

Alipotuonyesha huyo mchumba mwenyewe, hakuna aliyekumbuka tena mgongo wa mtu.

Mchumba alikuwa na pembe mbili na mkia.

Sitanii. Na kama una haraka, nenda zako urudi baadaye, maana kisa hiki hakisimuliwi mtu akiwa amesimama mlangoni.

Ilikuwa Jumapili, tumemaliza kula. Mezani tulikuwa mimi, kaka, mke wake ambaye ni wifi yangu, na mama. Mama ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa wetu kaipokea kwa mikono yake, nusu iliyobaki kaigombeza. Baba alitutoka miaka sita nyuma, na tangu hapo hatukuwahi kumsikia mama akitamka neno "mchumba" hata kwa mzaha.

"Nina mchumba," akasema, huku anafuta meza.

Kaka ndipo alipopaliwa.

"Mchumba gani, mama? Nani huyo?"

Mama akaweka kitambaa chini, akafungua mlango wa chumba cha mbele, akawasha runinga ya kona. Likatokea lijitu la kijani limeshika nyundo, limesimama mbele ya moto, mkia unatikisika.

"Huyo hapo. Mhunzi. Ameniomba tuishi nyumba moja."

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja. Kaka akanigeukia mimi. Macho yale nayajua tangu utotoni, maana yake ilikuwa: haya yote umeyaleta wewe.

Na kwa kiasi fulani alikuwa sahihi.

Chumba hicho cha mbele ndiyo riziki yangu. Nina banda la gemu. Runinga nne, mabenchi, feni inayolalamika, na bango la "Usipige rimoti, haijakukosea." Wateja wananiita Meneja. Wengi wanacheza mpira na mbio za magari.

Ila runinga ya kona ina gemu moja la peke yake. Unakuwa shujaa, unapewa upanga, unatembea nchi ya mazimwi na wachawi. Jioni ya humo ndani ya gemu ikifika, unarudi kwenye kijumba chako, unawasha moto, na mmoja wa wenzako wa safari anakuja kukaa nawe. Anakuuliza swali. Chini yanatokea majibu matatu, unachagua moja. Ukijibu vizuri mara nyingi, anakupenda. Mnaweza hata kuoana.

Vijana wote wanaipita mbio sehemu hiyo. Wanataka mazimwi.

Mama hakuipita.

Nilimfundisha mwenyewe kushika rimoti, nikijua nampa kitu cha kuchezea asubuhi wakati wateja hawajaja. Baada ya muda, ukimwita chai imeiva, anakunyooshea kidole bila kugeuka.

"Subiri kidogo. Ameniuliza kitu."

Mchana runinga hiyo hiyo ilikuwa na mtu wake. Baba mkwe wa kaka, yaani baba yake wifi. Mzee mjane, fundi wa mageti aliyestaafu, mtu wa kofia ya sufi na maneno ya kuhesabu. Wajukuu wakitoka shule anawachukua, anawapitisha kwetu wafanye kazi zao za shule, naye anajikalia kona akicheza mpaka wifi aje kuwachukua.

Yeye na mama walikuwa wakisalimiana kwa heshima zote.

"Hujambo, mkwe wangu?"

"Sijambo, mkwe. Karibu."

Halafu mama anaingia zake ndani. Imeishia hapo.

Sasa turudi kwa kaka.

Kaka ni msimamizi wa ghala. Kila kitu kwake kina rafu yake na lebo yake. Alitoka uani nikamfuata, na hapo nikafanya kosa la kufungua mdomo.

"Kuna kingine," nikamwambia. "Anasema kila asubuhi akiwasha gemu anakuta mhunzi amemfanyia kazi. Kampangia kuni. Kamzibia paa. Jana eti kakuta ua ndani ya kasha lake."

"Sasa?"

"Kaka, gemu lile nalijua nje ndani. Mhunzi hapangi kuni. Hazibi paa. Haweki maua. Vitu hivyo lazima avifanye mchezaji mwenyewe."

Kaka akabadilika uso.

"Kwa hiyo anavifanya yeye, halafu anasahau."

Sote wawili tulikuwa tunamfikiria bibi yetu. Bibi naye alianza hivyo hivyo. Alikuwa akificha kijiko, kesho akikikuta anashukuru aliyemletea. Mwaka haukuisha, alikuwa hatujui majina.

"Mama hawezi kukaa hapa tena," akasema kaka. "Nyumba yenyewe inavuja. Jumamosi nakuja na lori. Atakaa kwangu, chumba cha nyuma. Hapa tunafunga."

"Na banda langu?"

"Banda lako ndilo limemfikisha hapo."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisikia kutoka wapi.

"Mimi sitoki ndani ya nyumba yangu," akasema taratibu. "Lori lako lije tupu, lirudi tupu."

Akaingia ndani. Kwenye korido, beseni lililokuwa likikinga maji ya paa likadondokewa na tone, tii. Kaka alikuwa ameahidi kuliziba paa hilo tangu mvua za mwaka juzi.

Wiki ile bandani hapakuwa na mada nyingine. Kinyozi wa mlango wa pili, mteja wangu wa kudumu, ndiye aliyekuwa kiongozi wa wapinzani.

"Meneja, mimi nakuambia, mapenzi hayana kazi kwenye gemu," akasema, vidole vinakimbia kwenye rimoti. "Nimekuja kukata vichwa vya mazimwi. Unanikalisha kwenye moto niulizwe nilivyoamka? Niulizwe na nani? Na picha?"

"Na ukimpa zawadi anakupenda zaidi," nikaongeza. "Kile kimstari cha moyo kinajaa kama betri. Mapenzi gani hayo? Mtu wa kweli unampa zawadi, na bado ananuna."

Mama alikuwa akipita na ndoo ya maji. Akaitua.

"Kinyozi, wewe una mke?"

"Ninaye, mama."

"Mara ya mwisho kumuuliza ameamkaje ni lini?"

Vidole vya Kinyozi vikasimama. Zimwi likamla pale pale kwenye skrini.

"Mimi nimeishi na mume mzuri miaka mingi," akasema mama. "Mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini akiniuliza kitu, kabla sijafungua mdomo keshajijibu. Huyu wa gemu ananiuliza, halafu anangoja. Nikienda kuinjika sufuria nikarudi, bado ananingoja. Nikasema, kumbe hata mimi nina majibu."

Akabeba ndoo yake akaenda.

Kinyozi alinitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mama yako amezidiwa, eh?"

Nikaona aibu, na nikamwonea mama huruma. Nikaamini kaka yuko sahihi.

Siku ya tukio lenyewe mama alikuwa ameenda kupimwa presha. Ilikuwa kabla ya watoto kutoka shule. Kaka akaingia bandani na shati lake la kazini, kalamu mfukoni, akasimama mbele ya runinga ya kona.

"Washa."

"Kaka, hili ni faili la mama, safari yake yote imehifadhiwa humu."

"Washa nikuonyeshe dawa."

Nikawasha. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, sikuitumia, na jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Shujaa wa mama akatokea, amekaa mbele ya kijumba chake. Kijumba kilikuwa safi, nakiri. Kuni zimepangwa, paa limezibwa, ua jekundu liko dirishani. Mhunzi akaja na mkia wake, akakaa ng'ambo ya moto. Maneno yakatokea:

"Nimechoka kula peke yangu. Tuishi nyumba moja?"

Chini yake, majibu matatu. La kwanza, "Ndiyo, tuishi." La pili, "Hapana. Nenda zako." La tatu, "Nipe muda nifikiri."

"Yeye huwa anachagua lipi?" akauliza kaka.

"La tatu. Kila siku la tatu. Ukilichagua hilo, kesho anauliza tena."

"Basi leo hakuna kesho. Lete rimoti."

"Kaka, gemu hili linajisevu lenyewe. Ukibonyeza haliwezi kurudi nyuma."

"Ndicho ninachotaka."

Akabonyeza la pili.

Mhunzi akainama. Akasema, "Nimekuelewa." Akainuka, akaenda kwenye kiwanda chake, akatugeuzia mgongo. Kaka akamsogeza shujaa mpaka pale, akamgusa. Jitu likajibu neno moja tu, lile wanaloambiwa wateja wa kawaida.

"Unanunua au unapita?"

"Safi," akasema kaka, akanirudishia rimoti kama mtu aliyemaliza kuhesabu magunia. "Sasa atatulia."

Nilibaki nimeishika rimoti ile. Ilikuwa ya moto.

Baadaye mzee akaja na wajukuu. Akawakalisha na madaftari yao, akavuta kigoda chake kona, akawasha. Mimi nilikuwa nikigombana na kijana aliyeongeza muda kwa ujanja, sikumtazama sana. Niliona tu kwamba amekaa muda mfupi mno. Rimoti ameilaza gotini. Hachezi.

"Mzee, umeme umekorofisha?" nikamuuliza.

"Hapana, binti yangu. Kila kitu kimeeleweka."

Akavua kofia, akaikunjakunja, akaitia mfukoni. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. Akawaambia watoto wakusanye vitu vyao, leo wanamsubiri mama yao nyumbani kwake. Mlangoni akakutana na mama akirudi kutoka zahanati.

"Hujambo, mkwe?" mama akasema, na uso wake ulikuwa na furaha fulani ambayo sikuijali.

Mzee akapita. Alitikisa kichwa tu.

Mama akabaki amegeuka, anamwangalia mpaka alipokata kona.

Kesho yake asubuhi nilijitia nafagia. Nilitaka kuona. Mama akakaa, akawasha, akatabasamu kabla hata picha haijatokea. Halafu tabasamu likaisha.

Akatembeza shujaa wake mpaka kiwandani.

"Unanunua au unapita?"

Akamgusa tena.

"Unanunua au unapita?"

Mama alikaa pale akiutazama ule mgongo wa kijani mpaka skrini ikajizima yenyewe kwa kuachwa. Nilimwona hivyo siku moja tu kabla ya hapo, siku ya msiba wa baba, wageni walipokwisha kuondoka.

"Mama," nikaanza.

"Mpigie kaka yako. Mwambie lori lije. Nitaenda."

Hapo ningesema. Ningesema, mama, aliyebonyeza ni kaka. Lakini kaka alikuwa ameniambia nisiharibu dawa inayofanya kazi, na nilipompigia simu alifurahi kama aliyeshinda kesi.

"Umeona? Nilikuambia."

Mama akaanza kufunga. Mashuka, vyombo, picha ya baba. Mama yangu anayegombeza mtaa mzima alikuwa akifunga bila kumgombeza mtu.

Jumamosi ikafika.

Lori liliegeshwa mbele ya banda, dereva ameegemea mlango anachokonoa meno. Ndani, kaka alikuwa amepanga viti kwa mstari. Alitaka mambo yafanywe kiheshima, asije akasemwa mtaani kwamba amemtoa mama yake kwa nguvu, kwa hiyo alikuwa amemwita mtu mzima awe shahidi na aseme maneno mawili ya busara.

Mtu mzima mwenyewe ni baba mkwe wake.

Mzee alikaa karibu na mlango. Bila kofia. Mama alikaa upande wa pili, mkoba mapajani, tayari kwa safari. Hawakusalimiana. Wifi alimtazama baba yake, akamtazama mama, akakunja uso kidogo.

Kaka akakohoa. Akasema alivyosema. Mama ametulea, sasa zamu yetu, nyumba imechoka, chumba cha nyuma kina dirisha kubwa. Mwisho akasema, "Baba, tunaomba neno lako."

Mzee akasema bila kumtazama mama.

"Mimi sina neno. Mama yenu alishatoa jibu lake. Mtu akishajibu, anaachwa. Kama anaona hapa hakuna kinachomweka, aende."

Mama akainua kichwa. Macho yalikuwa makavu na yanawaka.

"Jibu lipi nililotoa mimi? Mimi nilisema nipewe muda. Aliyechoka kungoja ni mwingine."

"Hakuna aliyechoka, mkwe."

"Amechoka. Na hakusema kwa mdomo wake. Nilikuja asubuhi nikageuziwa mgongo."

"Ni kweli, mama, tumengoja sana," kaka akadakia, akidhani wanazungumzia kuhama.

Wote wawili walimtazama mara moja tu, wakamwacha.

Mama akasimama. "Yaishe. Pakieni."

Dereva na mwenzake wakaingia, wakatoa kitanda. Mbao zikakwaruza ukuta wa korido. Kile kitanda nimezaliwa juu yake.

Wifi ndiye aliyeuliza. Mungu ampe maisha marefu wifi yangu.

"Mama, wiki nzima ulikuwa unasema hutoki. Nini kimekubadilisha?"

Mama akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mhunzi amenikataa."

Mzee akainua uso ghafla. "Nani amemkataa nani?"

Na hapo kaka yangu, Mungu ambariki kwa majivuno yake, akacheka. Alicheka kicheko cha mtu mwenye siri tamu. Aliona wakati umefika wa kumwonyesha mama, mbele ya shahidi, jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa la kitoto.

"Mama, hakuna aliyekukataa! Lile ni gemu. Ni mimi! Mimi ndiye niliyelifukuza lile jitu. Nilikaa pale nikabonyeza 'Nenda zako' kwa kidole changu hiki. Muulize Meneja."

Alikiinua kidole juu tukione.

Nikasikia tone la korido, tii, ndani ya beseni.

"Rudia, mwanangu," mzee akasema taratibu. "Umesema ulibonyeza wewe?"

"Mimi, baba. Kwa nia njema kabisa."

"Siku ile mama yako alipoenda kupima presha. Kabla sijafika na watoto."

"Hiyo hiyo." Kaka akasita. "Baba amejuaje?"

Mzee akamgeukia mama. Mama alikuwa ameshamgeukia yeye. Walitazamana hivyo, na mimi nikaona uso wa mama unafunguka kidogo kidogo.

"Hukuwa wewe," mama akasema.

"Nilidhani ni wewe," mzee akasema.

"Mimi nami nilidhani ni wewe!" mama akasema.

Mama akaketi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamwagika juu ya mkoba. Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa kofia, akaikunjua, akaivaa.

Mimi ndipo taa iliponiwakia kichwani. Runinga moja. Faili moja. Asubuhi mama, mchana mzee.

"Kuni," nikasema. "Kuni alikuwa anapanga nani?"

"Mimi," akasema mzee.

"Na paa?"

"Mimi. Siwezi kuona paa linavuja nikakaa. Ni ugonjwa wangu."

"Na ua kwenye kasha?"

Mzee akakohoa. "Hilo nalo."

Kaka alikuwa amesimama katikati ya chumba, kidole bado kiko hewani. "Mtu anieleze taratibu," akasema.

Akaelezwa na mzee mwenyewe, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

"Mwanangu, mimi na mama yako ni wakwe. Tukikaa wawili tukapiga soga, wewe ungekuwa wa kwanza kukunja uso. Siku moja nilikosea faili, nikafungua la kwake. Nikaona kijumba paa limetoboka, nikaliziba. Kesho nikakuta amenipikia humo ndani, ameweka mezani. Nikapanga kuni. Akaacha taa inawaka. Tukaenda hivyo, hatujasemezana neno. Siku ya sherehe ya watoto wako nilimsubiri jikoni nikamwambia, mkwe, lile swali la mhunzi ni langu. Sitaki unijibu mbele ya watu. Siku ukimjibu yeye, mimi nitasoma."

"Nami nikasema nitawapima watoto kwanza," mama akamalizia, akifuta macho. "Nikawatajia mchumba wa kwenye gemu, nione mtasemaje. Nikasema wakimvumilia mwenye mkia, asiye na mkia hatawashinda."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Mkaniletea lori."

Mimi niliinamisha uso. Nilikuwa nimemhesabia mama yangu wazimu, na mwenye akili timamu kuliko sote alikuwa yeye.

"Basi twendeni bandani," nikasema haraka. "Nitaliwasha, mama ajibu upya."

"Halirudi nyuma," kaka akanong'ona. "Ulisema halirudi nyuma."

Ni kweli. Nilijaribu. Runinga ya kona ikawaka, wote tumesimama nyuma ya mama, na dereva wa lori naye kaingia na kijiti chake mdomoni. Mhunzi akageuka.

"Unanunua au unapita?"

Hakuna swali. Hakuna majibu matatu. Kidole cha kaka kilikuwa kimeufunga mlango ule moja kwa moja.

Mama akaweka rimoti chini. Ile mikono iliyopokea nusu ya mtaa akaikunja mapajani, akaikunjua. Kuchagua kwenye skrini alikuwa amezoea. Kusema kwa mdomo, mbele ya mwanawe wa kiume, mbele ya wifi, mbele ya dereva asiyemjua, hilo hakuwa amelizoea.

Mzee akavuta kigoda chake. Akakaa mbele yake.

"Nimechoka kula peke yangu," akasema. Basi. Halafu akangoja.

Kaka akafungua mdomo. Wifi akamkanyaga mguu, akaufunga.

Tulingoja. Dereva alitoa kijiti mdomoni. Mzee hakusogea, hakumsaidia neno, hakumjibia.

Mama akaangalia juu, kwenye dari, upande wa korido.

"Paa langu la kweli linavuja," akasema. "Mwanangu kaahidi kuliziba mpaka beseni limeota kutu. Utaweza?"

"Nina ngazi nyumbani."

"Basi kailete. Na nguo zako uje nazo, tukishafuata taratibu zote. Sitaki kusemwa."

Wifi akapiga kelele za shangwe zilizowatoa majirani nje. Kinyozi akaja mbio na mkasi mkononi akidhani kuna mwizi.

Kaka aliketi kwenye benchi la wateja. "Hebu subirini," akasema. "Mama yangu akiolewa na baba yako," akamgeukia mkewe, "mimi na wewe tunakuwa nani?"

"Utaniita dada," wifi akamjibu, "na dada haoshi vyombo vya kaka."

Lori halikurudi tupu. Kitanda kilishushwa, kikarudishwa mahali pake, na lori la kaka likaenda kuleta ngazi. Mchana ule ule mzee alikuwa juu ya paa, na kaka yangu, msimamizi wa ghala, alikuwa chini ameishika ngazi. Mama alikuwa pembeni akimgombeza kwamba haishiki sawasawa. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia kidogo kwa furaha.

Leo wanaishi humo. Gemu hawalichezi tena sana. Kinyozi ndiye ameanza faili lake jipya, na juzi nilipomwambia muda umekwisha, alininyooshea kidole bila kugeuka.

"Subiri, Meneja. Ameniuliza kitu."

Kwa hiyo wanaobishana mitandaoni kama mapenzi yawekwe kwenye magemu ya mazimwi au yasiwekwe, mimi nimeshahama upande. Yawekeni. Kuna watu wazima wamekaa kimya miaka hadi wamesahau kwamba wana majibu, na hawana pengine pa kuanzia kuyatafuta.

Ila wewe mtoto wa mtu, faili la mzazi wako usiliguse. Unaweza kudhani unafukuza picha, kumbe unamfukuza mtu.

Na wewe uliyeko mbele ya skrini, ukishalipata jibu lako, zima runinga. Nenda ukamwambie mwenyewe, na akikuuliza kitu, naye mngoje ajibu.